Kapu la jikoni lililochipua: kipi kiliwe, kipi kipandwe, kipi kitupwe

Swali

Bwana agronomu, ninakusalimu. Mimi ni mama wa nyumba, ninaishi Ndosho, hapa Goma. Mwezi wa saba nilikwenda Bukavu kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua, nikarudi baada ya majuma sita. Kapu langu la jikoni nililikuta limekuwa kama kitalu: viazi mviringo vimetoa chipukizi ndefu nyeupe na vingine vimekuwa kijani, viazi vitamu vimetoa majani, vitunguu vimeota, vitunguu saumu na tangawizi vivyo hivyo. Muhogo peke yake ulioza bila kuchipua. Mama mkwe ananiambia nipande vyote kwa kuwa mvua inakaribia. Jirani yangu anasema kiazi kilichochipua ni sumu, nitupe vyote. Kiwanja chetu ni mawe ya volkano na udongo kidogo sana. Nimsikilize nani? Tena watoto wanauliza kama wanaweza kupanda kokwa la avoka.

Jibu

Mama, hongera kwa mtoto aliyeongezeka katika jamaa yenu. Kapu lako usilitupe lote, wala usilipande lote. Chipukizi inaonyesha tu kwamba kiungo hicho cha mmea kingali hai. Haisemi kama ni salama kukila, wala kama kina afya ya kutosha kuwa mbegu. Kwa hiyo kwa kila kitu utakachokitoa kapuni ninakuomba uulize mambo mawili: hiki ni sehemu gani ya mmea, na je, kinaweza kuwa kimebeba ugonjwa? La kwanza linaeleza mengi ya yale uliyoyaona. La pili watu wengi wa mji wetu hawaliulizi, na mimi mwenyewe kuna wakati sikuliuliza, nikapoteza bustani kwa sababu hiyo.

Tuanze na muhogo uliooza, kwa kuwa unafundisha vizuri kuliko vyote. Muhogo tunaokula ni mzizi halisi, hauna jicho hata moja, na ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ungeuacha kapuni mwaka mzima usingechipua, na ndiyo maana wakulima hupanda vipande vya mti wake. Kiazi mviringo, ingawa nacho huchimbwa ardhini, si mzizi hata kidogo: ni shina lililonenepa kwa kuhifadhi chakula, na yale macho yake ni matumba ya kuchipua, kama yale yaliyo kwenye tawi lolote. Tangawizi pia ni shina la chini ya ardhi. Kitunguu ni majani manene yaliyofungamana juu ya kishina kifupi. Kiazi kitamu ni mzizi kama muhogo, lakini kina uwezo ambao muhogo hauna, wa kujitengenezea matumba mapya na kutoa miche. Karoti haina uwezo huo wa kuzaa upya. Ukikiweka kichwa chake katika maji kitatoa majani mazuri, lakini karoti ya pili hutaipata, hata kama watu wanaonyeshana picha za namna hiyo kwenye simu.

Viazi mviringo ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa, kwanza kama chakula. Jirani yako ana sababu ya kuogopa. Kiazi kina sumu za asili, hasa solanini na chakonini, ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na wadudu na magonjwa. Katika kiazi kizuri sumu hizo ni chache mno na hukaa karibu na ganda. Zinapozidi, hujikusanya katika chipukizi, kuzunguka macho, na katika sehemu zilizopigwa na mwanga. Rangi ya kijani yenyewe si sumu, kwa kuwa ni ile ile iliyo katika kila jani, lakini inakuonya kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huo huo ndio unaoongeza sumu. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga katika mafuta hakuiondoi kiasi cha kuaminika. Mtu aliyekula nyingi huumwa tumbo, hutapika, huharisha na kuumwa kichwa, na mtoto hudhurika upesi zaidi kwa kuwa mwili wake ni mdogo.

Kwa hiyo vigawe viazi vyako hivi. Kiazi ambacho bado ni kigumu mkononi, hakina kijani, na chipukizi zake ni fupi, kinalika: ondoa chipukizi zote, chokoa macho yake kwa ncha ya kisu, menya ganda kwa unene kuliko ilivyo kawaida yako, kisha upike. Kilichokunjamana na kulegea, chenye kijani kilichoenea, au kinachoacha uchungu mdomoni, kisiingie katika sufuria, wala usimpe mbuzi au nguruwe. Nyumba nyingi hukata kipande cha kijani na kupika kilichobaki; nakubali jambo hilo pale kijani kinapokuwa doa dogo upande mmoja, lakini kwa chakula cha watoto wadogo mimi nisingelifanya.

Sasa kupanda. Viazi vinavyouzwa katika masoko ya Goma hutoka hasa katika milima ya Masisi, Rutshuru na upande wa Kibumba, mahali palipoinuka na penye baridi kuliko mjini kwetu. Katika baridi ya huko, bakteria ya mnyauko, ambayo wataalamu huiita Ralstonia solanacearum, inaweza kulala ndani ya kiazi bila kukitia doa wala harufu. Kiazi hicho hicho kikipandwa mahali palipo chini na penye joto zaidi, kama Goma iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ugonjwa huamka. Ndivyo ilivyonipata. Nilipanda nyuma ya nyumba viazi vya soko vilivyochipua, vizuri machoni. Katika juma la saba mashina matatu yalinyauka saa sita mchana yakiwa bado ya kijani, jioni yakainuka. Baada ya siku chache hayakuinuka tena. Msimu uliofuata nyanya nilizopanda pale pale zilianguka zote kabla ya kuiva, na mwaka wa pili bilinganya zikafuata. Bakteria hii hukaa udongoni kwa miaka, na hushambulia jamii nzima ya kiazi: nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Sikuwa nimepoteza viazi vichache tu. Nilikuwa nimeuharibu udongo ambao niliubeba kwa magunia mgongoni mwa watu, kwa gharama ambayo kila mwenye kiwanja cha mawe hapa Goma anaijua.

Kwa sababu hiyo sikukatazi kupanda viazi vyako, ila ninakuomba uvipande ndani ya magunia yaliyotengwa, mbali na mahali unapokusudia kupanda nyanya au pilipili. Chagua viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku, vigumu, visivyo na kidonda. Katika kila fungu, kata kimoja viwili na uminye: ukiona utomvu mweupe kama maziwa unatoka katika ule mduara ulio ndani kidogo ya ganda, au macho yake yana uchafu wa kunata uliogandamana na udongo, basi fungu zima lisipandwe. Litie motoni au lichimbie shimo refu. Kisu ulichotumia kioshe kwa sabuni, kisha ukimwagie maji yanayochemka.

Chipukizi ndefu nyeupe zilizoota gizani hazina nguvu na huvunjika zinapoguswa. Zivunje zote kwa upole, kisha vitandaze viazi hivyo kwenye sahani ya ungo au sanduku la mbao, safu moja tu, mahali penye mwanga lakini pasipochomwa na jua, kwa mfano chini ya baraza. Baada ya majuma mawili hadi matatu vitatoa chipukizi mpya, nene, za kijani au za zambarau, zenye urefu wa sentimita moja au mbili, na tena zitakuwa nyingi, kwa kuwa ile chipukizi ya kwanza iliyokuwa ikiwazuia wenzake imeondoka. Hizo ndizo za kupanda. Kiazi kinachotoa uzi mwembamba kama wa kushonea hata baada ya kukaa kwenye mwanga, kimechoka au kina virusi, kiache.

Gunia la kilo 50 linatosha mbegu tatu. Litoboe chini, weka tabaka la mawe madogo ya volkano, kisha jaza theluthi moja kwa mchanganyiko wa ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyokwisha kuoza, pamoja na nusu ndoo ya kokoto laini za lava. Kokoto hizo ambazo kila mtu hapa anazilaumu zina faida katika gunia: ni nyepesi, zina matundu, na hupitisha maji ya ziada ili mizizi isioze. Majivu ya makala yatie kidogo sana, kwa kuwa yakizidi udongo hupoteza uchachu wake na viazi huota ukurutu kwenye ganda. Fukia mbegu kwa sentimita kumi, macho yenye chipukizi yakiangalia juu, na kadiri shina linavyopanda uendelee kuongeza udongo hadi gunia lijae. Kuongeza udongo huko kunavificha viazi vichanga visipigwe na mwanga na kuwa kijani. Hakumfanyi mtu avune gunia zima la viazi, kama wengine wanavyoahidi. Ukipata nusu kilo hadi kilo moja kwa kila shina baada ya miezi mitatu hadi minne, kazi yako imekuwa nzuri. Mvua zikishaanza, tazama majani kila asubuhi, maana ukungu tunaouita milidiu huweza kuunguza shamba zima kwa siku chache. Ukiona madoa ya hudhurungi yenye utando mweupe upande wa chini wa jani, kata majani hayo na uyaondoe bustanini siku hiyo hiyo. Usinyunyizie maji juu ya majani, yamwage kwenye udongo.

Viazi utakavyovuna vileni. Usivigeuze tena kuwa mbegu msimu baada ya msimu, kwa sababu virusi vinavyoletwa na vidukari hujilimbikiza katika kila kizazi na mavuno hupungua. Ukitaka kulima viazi kwa bidii miaka inayokuja, nunua mbegu iliyothibitishwa na SENASEM, idara ya serikali inayosimamia mbegu.

Viazi vitamu ndivyo ninavyovifurahia zaidi katika kapu lako, na kama una nafasi ya magunia mawili tu, basi moja liwe lake. Ingawa jina linafanana, kiazi kitamu si ndugu wa kiazi mviringo. Kinatoka katika jamii nyingine kabisa ya mimea. Chipukizi zake si sumu, na majani yake ni matembele, mboga ambayo sina haja ya kukusifia. Kilichochipua, kama hakijaoza wala kutobolewa, unaweza kukipika bila wasiwasi, ingawa utamu wake utakuwa umepungua. Kinachotupwa ni kile chenye matundu ya fukusi na harufu ya uchungu: mzizi ulioshambuliwa na mdudu au ukungu hutengeneza kemikali chungu zenye madhara, na kupika hakuziondoi.

Kimoja au viwili kati ya vile vizuri vilaze ubavu katika beseni lenye mchanga au udongo mwepesi, uvifunike nusu, uuweke unyevu bila kuloanisha kupita kiasi. Miche ikifika urefu wa kiganja na nusu, usiing'oe pamoja na kipande cha kiazi. Ikate sentimita chache juu ya udongo, kwa kuwa fukusi na magonjwa mengi hukaa karibu na mzizi wa zamani. Mzizi huo utaendelea kutoa miche mingine mara mbili au tatu. Kila mche wa sentimita 30 uufukie theluthi mbili katika gunia, hata kwa kutoboa matundu ubavuni na kuuingiza humo, nao utaning'inia na kufunika gunia zima kwa majani. Baada ya mwezi mmoja na nusu unaweza kuanza kuchuma matembele kidogo kidogo. Viazi vyenyewe vitachukua miezi mitano au sita katika hali ya hewa ya kwetu, na ukichuma majani mengi sana vitakuwa vidogo. Hapo ni wewe utakayeamua nyumba inahitaji nini zaidi. Ikiwa una watoto wadogo na una uchaguzi, tafuta pia miche ya aina yenye nyama ya rangi ya machungwa, kwa ajili ya vitamini A.

Vitunguu vilivyoota havina sumu yoyote kwa mtu. Kata, ondoa sehemu laini, pika pamoja na ile chipukizi yake ya kijani. Ukivipanda, elewa kwanza unachokitegemea. Kitunguu ni mmea wa misimu miwili: wa kwanza hukusanya chakula katika lile tumba, wa pili hukitumia chakula hicho kutoa ua na mbegu. Kile ulichonacho kimekwisha kumaliza msimu wa kwanza, kwa hiyo hakitakupa kitunguu kingine kikubwa. Kitakupa majani, na hayo ni mali. Vua maganda yaliyooza hadi ufike kwenye mioyo iliyo ndani, ambayo mara nyingi ni miwili au mitatu, itenganishe kila mmoja ukiwa na kipande cha kitako chenye mizizi, na uipande kwa umbali wa kiganja. Baada ya majuma mawili au matatu utakata majani ya kutia katika samaki au maharagwe, ukiacha vidole vitatu juu ya udongo ili yaote tena. Shina la ua likitokea, likate mapema.

Vitunguu saumu navyo panda punje moja moja, ncha juu, kwa majani tu, kwa kuwa vichwa vinavyogawanyika vizuri vinahitaji majuma mengi ya baridi kuliko yale tunayoyapata mjini. Tangawizi ikate vipande vyenye macho mawili, viache vikauke jeraha siku mbili, kisha vifukie sentimita tano mahali penye kivuli cha nusu siku. Itakaa miezi tisa au kumi, na adui yake ni maji yanayosimama.

Kuhusu avoka, waruhusu watoto. Kokwa lisiachwe likauke. Liwekwe ndani ya udongo wenye unyevu, upande mpana chini na ncha ikionekana, na baada ya mwezi mmoja au miwili litapasuka. Lakini waambie ukweli: mti wa kokwa haufanani lazima na mama yake, kwa kuwa maua ya avoka huchanganya mbegu na miti mingine, na unaweza kungoja miaka saba au zaidi kabla ya tunda la kwanza. Mche ukiwa na unene wa kalamu, mpelekee mtu wa kitalu aubebeshe kijiti cha mti unaojulikana kwa matunda mazuri, nao utazaa mapema zaidi. Mizizi yake haiwezi kuishi katika gunia daima, na juu ya lava tupu hautasimama, kwa hiyo tafuteni tangu sasa mahali penye ufa au shimo lenye udongo wa kina.

Najua pia kwamba maji ya kumwagilia ni shida mitaani kwetu. Maji uliyooshea mchele, maharagwe au lengalenga yakusanye katika bidoni na uyatumie bila hofu, mradi hayana sabuni. Maji uliyooshea viazi mviringo vya soko, pamoja na maganda yake, usiyapeleke bustanini wala katika lundo la mboji, kwa sababu mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kuua ile bakteria niliyokueleza. Maganda hayo yafukie mbali au yachome.

Na siku ukiona shina la kiazi limelegea mchana huku majani yangali kijani na udongo una unyevu, usingoje. Likate karibu na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kisimamishe katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, ukitazame kwa dakika chache dhidi ya mwanga. Nyuzi nyeupe kama za maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye ncha iliyokatwa, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa shina lote na viazi vyake, uvichome, osha mikono na kisu, na gunia hilo lisiguse magunia mengine. Udongo wake si lazima uumwage: panda humo vitunguu au mahindi kwa misimu kadhaa, na nyanya zako zikae upande mwingine wa kiwanja, mahali ambapo maji ya mvua yanayotoka katika gunia hilo hayafiki.